Mwiba nao ni wa mmea

Mhariri,

Naomba kanafasi kadogo. Mi nafundisha baiolojia sekondari huku Mbagala, na juzi nimemsindikiza mdogo wangu kusuka saluni moja hivi nikakuta wanauza jeli ya mwani wa Zanzibar, sio ya kupaka jamani, ya kuchoma kwa sindano kwenye makalio. Nikamuuliza dada mwenyewe mnaisafishaje, akajibu bila wasiwasi, "tunachuja na kitambaa cheupe mara tatu, afu ticha hii ni ya mmea, mwili unaipokea wenyewe."

Kwanza mwani sio mmea kamili, ila tusigombanie hilo. Shida yangu ni hapo kwenye kupokea.

Kisigino changu cha kushoto kina kinundu kama punje ya choroko, nilichomwa na mwiba wa mchongoma nikiwa darasa la tano kipande kikabaki ndani. Mwiba ni mmea mtupu, hauna kemikali ya kiwandani hata moja, na mpaka leo mwili haujaupokea, umeufungia tu. Maana selulosi, ile nyuzi inayojenga mwili wa mmea, binadamu hatuna kimeng'enya cha kuivunja, ng'ombe mwenyewe anasaidiwa na vijidudu vya tumboni.

Inavyokuwa ni hivi, kitu kigeni kikiingia tu protini za damu zinakigandia hapo hapo, zinakuja seli nyeupe za kwanza, zile za fujo, afu siku moja mbili zinafuata makrofeji ambazo kazi yake ni kula. Zikishindwa kula zinaungana zinakuwa dude moja lenye viini vingi, na dude nalo likishindwa basi ndani ya wiki kadhaa linajengwa ganda la kolajeni kuzunguka pale, yaani kovu la ndani kwa ndani. Iwe plastiki, iwe chuma, iwe mmea, mwili hauulizi kimetoka shambani au kiwandani, kinachotofautiana ni ukali tu.

Sisemi vitu vya mimea vya kuweka mwilini vyote ni vibaya. Mwaka 2016 watafiti wa Ottawa kule Kanada walitoa ripoti, walichukua tufaha wakaliosha na sabuni ya maabara mpaka ikabaki selulosi peke yake, wakaiweka chini ya ngozi ya panya. Mwanzo palivimba kidogo, lakini kufika wiki ya 8 uvimbe umetulia na mishipa ya damu imeshaingia humo ndani. Ila hiyo ni maabara, kila kitu kimesafishwa na kupimwa. Kitambaa hakichuji sumu ya maganda ya bakteria, na hata ukiichemsha jeli kama uji, sumu hiyo inabaki.

Na mwani huu wetu sasa! Jeli yake inaitwa karagenani, ukiila kwenye aiskrimu hauna neno. Lakini tangu miaka ya 1960 watu wanaotafuta dawa za uvimbe, wakitaka mguu wa panya uvimbe ili wajaribie dawa yao, wanachomfanyia ni kumchoma karagenani. Ndani ya masaa machache tu unyayo umetuna.

Nikamweleza yule dada haya yote, akacheka, "we ticha una mambo." Wakati tunatoka kuna binti kashalala kwenye benchi anasubiri, kajifunika kanga, anachati. TMDA, nyie mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama mnasoma gazeti hili, piteni huku kwetu.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam