Risala ya Walimu wa Darasa la Kwanza kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kusoma

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi na walezi,
Walimu wenzetu,
Na ninyi watoto wetu mlioketi hapa mbele,

Awali ya yote tunakushukuru, Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuja kukaa nasi. Tunajua risala nyingi ulizosomewa huanza na historia ya shule na kuishia kwenye paa linalovuja. Sisi nasi tunalo paa, ila tumekubaliana tulitaje siku nyingine. Leo ni tarehe 8 Septemba, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1966 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika, ikaanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Kwa heshima ya siku yenyewe tumeamua kusema jambo moja tu: zile dakika 15 za kila asubuhi ambazo watoto wa darasa la kwanza husoma wenyewe, kitabu walichokichagua wenyewe.

Jambo hili lilianza kwa aibu kidogo. Mwaka jana, ilipofika katikati ya mwaka, tulikuwa tunajisifu kwamba watoto wetu karibu wote wanasoma. Siku moja nikamsimamisha msichana mmoja, akasoma ukurasa mzima bila kukwama: chu-ra a-ka-ru-ka ma-ji-ni. Sauti safi, silabi zote mahali pake. Nikamuuliza, “Nani aliruka?” Akanitazama. Akatazama dari. Kisha akajibu kwa sauti ya mtu anayebahatisha, “A-ka-ru-ka?”

Kiswahili, Ndugu Mgeni Rasmi, ni lugha yenye huruma kwa anayeanza kusoma. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake, na neno huandikwa kama linavyotamkwa. Mtoto akishazijua ba, be, bi, bo, bu na jamaa zake, akapita salama kwenye ng’ na gh, akaelewa kwamba m ya “mtoto” husimama peke yake ilhali m ya “mwalimu” imeshikana na w, basi anaweza kutamka karibu neno lolote utakalomwandikia, hata lile ambalo hajawahi kulisikia. Mtego uko hapohapo. Tunasikia sauti, tunadhani tumesikia kusoma. Na maneno yetu ni marefu. Chukua “hawajatusomea”: ha-wa-ja-tu-so-me-a, silabi saba, na ndani yake mna watu wawili, wakati na kukanusha. Mtoto anayetafuta kila silabi kwa kidole, akifika kwenye “me” amekwisha kusahau kwamba alianza na “ha”. Ndiyo maana akimaliza sentensi hana kitu mkononi. Kinachomtoa hapo ni kusoma sana, tena na tena, mpaka jicho lilidake neno zima kwa mara moja na akili ibaki na nafasi ya kufikiri juu ya chura.

Kusoma sana kunataka muda, na ratiba yetu haikuwa nao. Tukakata dakika hizo kwenye zile za asubuhi zilizokuwa zikipotea kwa kupanga mistari na kukusanya madaftari.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu, hatufichi. Tuliwaambia, “Chukueni vitabu, msome.” Dakika ya pili wawili walikuwa wanang’ang’ania kitabu kimoja, mmoja alikuwa amejenga nyumba kwa vitabu vinne, na wa nyuma kabisa alikuwa amelala. Kosa lilikuwa letu. Hakuna mtoto wa miaka sita anayejua kukaa na kitabu kwa robo saa kwa sababu tu ameamriwa. Tukarudi nyuma, tukaanza na dakika tatu. Tatu tu. Tukawaonyesha namna ya kukishika, namna ya kufungua ukurasa bila kuuchana, mahali pa kukaa, na mambo yanayoweza kufanywa na asiyejua maneno yote: kusoma picha, au kuisimulia upya hadithi aliyokwisha kusomewa. Mara kichwa cha kwanza kilipoanza kugeukageuka tukasema basi, vizuri, tunafunga. Wengine wakalalamika kwamba hawajamaliza. Malalamiko hayo ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta. Tukaongeza dakika moja, kisha nyingine, na ilipofika mwezi wa nne tulikuwa kwenye kumi na tano. Kwa siku tano hizo ni dakika 75 kwa wiki, yaani saa tano kwa kila wiki nne, ambazo hapo awali hazikuwepo kabisa.

Ukipita dirishani saa hiyo usitarajie kimya. Utasikia mvumo kama wa nyuki. Mtoto wa umri huu husoma kwa midomo na kwa kidole; kusoma moyoni huja baadaye, kwenyewe. Mwalimu mmoja wa madarasa ya juu alikuja kutuuliza kwa upole kwa nini hatuwanyamazishi. Tulimwambia darasa la kwanza likiwa kimya kabisa na vitabu viko wazi, basi kuna mmoja anayesoma na wengine wanaangalia picha za vita.

Kuhusu kuchagua kitabu, tulijifunza mambo mawili madogo. La kwanza ni rafu. Vitabu vilikuwa vimepangwa migongo ikitazama nje, kama maktaba ya watu wazima, na mtoto hajui kusoma mgongo wa kitabu. Tukaviweka chini, usawa wa vifua vyao, majalada yakiwatazama. Ghafla vitabu vilivyokuwa na vumbi tangu mwaka juzi vikawa na wenyewe. La pili ni vidole vya mkono mmoja. Mtoto hufungua ukurasa katikati ya kitabu, akikutana na neno linalomshinda anainua kidole. Vidole vikifika vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu kingoje kwanza. Viwili au vitatu, hicho ni chake. Hakuna aliyeinua kimoja tu tuliyemnyang’anya, maana kitabu rahisi nacho kina kazi yake.

Hapo tuna ushahidi wetu. Mvulana mmoja alishika kitabu cha paka kwa wiki mbili nzima. Kila asubuhi, paka yuleyule. Tulishakula njama ya kukificha, tukidhani anakwepa kazi. Mwenzangu akaketi karibu naye asikilize kwanza. Siku zilizopita alikuwa anapapasa silabi; asubuhi ile kidole kilikuwa pajani, na paka alipozungumza, mvulana alimpa sauti nyembamba ya ulaghai, kisha panya akapewa ya kwake inayotetemeka. Wiki iliyofuata akachukua kitabu kipya mwenyewe na kukisoma nusu kwa siku moja. Hatukukificha cha paka. Kipo pale, kimefungwa gamu mgongoni mara mbili.

Sasa nieleze tulipokosea vibaya zaidi, kwa sababu wazazi wengi waliopo hapa walitupongeza kwa kosa hilo. Tulibandika ukutani chati ya nyota: kitabu kimoja, nyota moja, na wenye nyota nyingi mwisho wa mwezi wanapata zawadi. Darasa lilichangamka kama soko. Baada ya wiki tatu kijana mmoja alikuwa anaongoza kwa nyota 23. Nikamwita, nikamwomba anisimulie kitabu chake cha mwisho. Akafikiri sana, akasema, “Kina kurasa nane.” Nikamuuliza kinahusu nini. “Nane,” akarudia, akidhani sijasikia.

Tuliishusha chati Ijumaa hiyo. Baadaye tukagundua kwamba wataalamu wa Marekani walikwisha kuliona jambo hili mwaka 1973. Lepper, Greene na Nisbett waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi, baadhi wakaahidiwa cheti wakichora. Wiki moja hadi mbili baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila cheti, wale walioahidiwa walichora kwa takribani nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Badala ya nyota, siku hizi mtoto aliyependa kitabu husimama mbele kwa dakika moja akawaambia wenzake kwa nini wakisome, ila haruhusiwi kutoboa mwisho wake. Wengine hawawezi kujizuia, wanatoboa.

Mtatuuliza inachukua muda gani hadi mazoea yashike. Tulikuwa tumesikia siku 21, tukaamini, tukavunjika moyo. Mwaka 2010 watafiti wa London walichapisha matokeo ya watu wazima 96 waliojaribu kujijengea desturi ndogo kama kunywa maji au kutembea kila siku. Makadirio yao yalikuwa siku 66 kwa wastani, lakini baina ya mtu na mtu yalianzia 18 hadi 254. Na hao ni watu wazima waliojitolea. Darasani kwetu wapo waliotulia wiki ya tatu, na yupo mmoja ambaye hadi leo hufika ukurasa wa pili akakumbuka kwamba ana kiu. Tunamngoja.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa ndipo tunapofika kwenye lililotufanya tukuandikie. Jopo la taifa la usomaji nchini Marekani lilitoa ripoti yake mwaka 2000, na kuna ukurasa ndani yake unaowakera wapenzi wa vitabu kama sisi. Lilisema halikupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwaacha wanafunzi wasome kimya peke yao, bila mwongozo, huinua ufasaha wao. Kilichoonekana kusaidia ni kusoma kwa sauti mbele ya mtu anayesikiliza na kuelekeza. Mwanzoni tulichukia. Tulipotulia tukaona linaafikiana na tulichokiona kwa mvulana wa paka: tulijua anapiga hatua siku mtu alipoketi karibu naye. Mtoto hafiki kusoma peke yake kwa kuachwa peke yake.

Kwa hiyo zile dakika 15 mwalimu hasahihishi madaftari. Anazunguka, anachuchumaa, anasikiliza. Lakini hesabu inatukaba. Ukimpa kila mtoto dakika tano, unasikiliza watatu kwa siku, kumi na watano kwa wiki. Darasa lina watoto 45. Maana yake kila mtoto husikilizwa mara moja kwa wiki tatu. Na asiyesikilizwa ndiye anayerudi nyuma. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Keith Stanovich alieleza jinsi pengo hili linavyojiongeza: anayesoma vizuri hupenda kusoma, akisoma hupata maneno mengi zaidi, maneno hayo humrahisishia kitabu kinachofuata, anayekwama hukwepa, na kwa kukwepa huzidi kukwama. Alilipa jina kutokana na Injili ya Mathayo, pale mwenye nacho anapoongezewa.

Tumewaomba wanafunzi wa darasa la tano waje Jumanne na Alhamisi, kila mmoja na mtoto wake. Wamekuja kwa moyo, ingawa ilitubidi tuwafundishe kazi moja ngumu sana: kunyamaza. Mtoto akikwama, hesabu moyoni hadi tano kabla hujamtajia neno. Mara nyingi ukifika tatu amelipata mwenyewe, na uso anaoutoa hapo hauuzwi popote.

Wazazi wetu, nanyi tunawaomba hilohilo. Dakika kumi jioni, kitabu kile kidogo kinachokuja kwenye mkoba. Usimkamate, usimcheke, usimlinganishe na dada yake aliyesoma mapema. Akimaliza, muulize, “Kisha ikawaje?” Wapo mliotunong’oneza getini kwamba hamkubahatika kusoma, kwa hiyo hamna la kufanya. Mnalo. Swali la “kisha ikawaje” halihitaji kujua herufi hata moja, na mama mmoja ambaye huliuliza kila usiku ndiye mzazi wa msichana wa chura. Siku hizi ukimuuliza nani aliruka, anakuambia nani aliruka, kwa nini, na kwamba yeye asingeruka.

Maombi yetu kwako, Ndugu Mgeni Rasmi, ni mafupi. Tunaomba vitabu vyembamba, vya kurasa nane hadi kumi na sita, vingi, vya Kiswahili, vyenye hadithi inayochekesha. Kitabu kimoja kinene cha kifahari kitatukalia kabatini. Tunaomba sauti yako pale ratiba zinapopangwa, ili dakika hizi 15 zisiwe za kwanza kukatwa kila inapokuja shughuli nyingine. Na tunaomba dakika tano za kwako binafsi, leo, kabla ya picha ya pamoja.

Pale chini ya ubao tumetandika mkeka. Yule mvulana ameketi tayari, na amekuchagulia kitabu tangu jana. Tunadhani unakisia ni kipi. Akikwama, tafadhali hesabu hadi tano.

Tunaomba kuwasilisha.