Mwanangu, tuongee hela za msiba kabla msiba haujafika

Asalaam aleykum mwanangu. Sisi huku Newala wazima, dada yako mzima, na mimi kifua kimetulia. Nimeamua nikuandikie badala ya kukupigia mana nikikupigia utaniambia mama acha habari za kufa, afu tutaanza kuongelea watoto na salio litaisha. Hii utaisoma taratibu ukishatoka kazini.

Nataka tuongee hela za msiba. Sijasikia chochote kibaya hospitali, usishtuke. Ila mimi umri umeenda, bibi yako ndo kabisa hatoki kitandani, na wewe una nyumba yako huko Mbagala na wanao wanasoma. Na huku nimeona nyumba nyingi zinaanguka baada ya mazishi, watu wanafikiri kifo ndo kimewaangusha kumbe ni maamuzi ya zile siku tatu za matanga, watu wanalia huku wanatoa hela ambayo hawana.

Baba yako alifariki mwishoni mwa 2018, unakumbuka msimu ule ulivyokuwa. Korosho tulishapeleka ghalani, wanunuzi wakataka kutoa bei ndogo, minada ikasimama, serikali ikatangaza inanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo moja. Watu walishangilia, bei ilikuwa nzuri kweli, lakini malipo yakaja na uhakiki wa mashamba na uhakiki ukachukua muda. Sasa sisi tuna stakabadhi mkononi, hela hatuna, na maiti iko ndani. Wewe ulifika usiku na basi ukakuta mambo yameshapangwa, ndo mana hujui yote. Mimi nilishaingia chumbani eda imeanza, ile miezi 4 na siku 10, wazee wakakaa nje barazani wakaamua. Mikorosho ya bondeni ikawekwa rehani kwa mtu mwenye hela ili tupate mchele, mafuta, na mbuzi. Nilikuja kuambiwa baadae. Misimu ikapita mtu anaokota korosho kwenye mikorosho ambayo baba yako aliipanda kwa mkono wake na sisi tunaangalia tu, mpaka tulipoikomboa. Siwalaumu wazee kwa nia, walitaka ndugu yao azikwe kwa heshima. Lakini naiona ile hela ilikwenda wapi, na haikwenda kaburini.

Mana hebu tuhesabu pamoja. Sisi Waislamu kumzika mtu sio gharama kubwa hata siku moja. Sanda nyeupe, mwanaume vipande 3, mwanamke vipande 5. Pamba, sabuni, karafuu maiti, ubani, marashi. Mbao za kufunikia mwanandani. Jeneza ni la msikiti, linabeba na kurudi. Kaburi wanachimba vijana wa mtaani, hawadai, wanapewa maji na uji. Muoshaji anapewa kitu kwa heshima yake. Ukijumlisha hivyo vyote hufiki hela ya simu uliyoshika hapo. Na bado ndugu zetu wa huko Masasi na Ndanda ambao ni Wakristo wana sanduku la kununua, msalaba, pengine na kujengea kaburi, kwao hesabu inaanza juu kidogo, lakini hata wao ukiwauliza watakwambia kilichowamaliza ni chakula na magari.

Chakula mwanangu. Msibani kwa baba yako watu walikula asubuhi, mchana na jioni, na maji unajua mwenyewe ya huku mlimani, Novemba kiangazi kimekaza mvua bado, madumu yanaletwa na bodaboda kutoka mbali na kila dumu ni hela. Watu hawaweki maji kwenye bajeti ya msiba, wanaandika mchele na nyama tu. Sisi maji yalikula hela kuliko sanda. Kuosha maiti, kupika, kuoshea sufuria, watu kutawadha, wageni wa kutoka Tandahimba na Nanyamba waoge. Kwaiyo ukija kupanga msiba wa huku, maji andika mstari wa kwanza, usisubiri mtu akukumbushe.

Na hii habari ya chakula nakwambia kwa uchungu mana tumeigeuza juu chini. Mtume, rehma na amani zimfikie, alipofikiwa na habari ya kifo cha binamu yake Jaafar alisema watu wa Jaafar wapikiwe chakula kwa sababu limewafika la kuwashughulisha. Wapikiwe wao. Sisi huku aliyefiwa ndo anawapikia watu mia, na asipopika nyama anasemwa. Afu bado arobaini, afu kurehemu mwaka unaofuata msimu ukifunguka, ng'ombe achinjwe, watu waitwe mpaka wa vijiji vya ng'ambo. Sikatai dua, dua naitaka, niombeeni kila siku. Lakini dua haihitaji ng'ombe wa mkopo.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui mpaka kimewakuta, hela ya marehemu haimziki marehemu. Korosho sa hivi analipwa mtu kwenye akaunti yake ya benki, sio mkononi kama zamani. Siku mwenye akaunti akifa ile akaunti hamuigusi mpaka mkae kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mumteue msimamizi wa mirathi, muende mahakama ya mwanzo athibitishwe, na huko wanataka cheti cha kifo. Kwaiyo hata kama nina milioni zangu benki, siku ya kunizika hazipo. Mtazika na kilichopo mfukoni, au cha kikundi, au cha kukopa. Na nakuomba sana mtu asije akachukua simu yangu akatoa hela kwa namba ya siri anayoijua, hata kama nia ni kununua mchele, mana huo ndo mwanzo wa ndugu kutupiana maneno. Gharama za mazishi zinatoka kwenye mali ya marehemu kwanza, zinafuata madeni, unafuata wasia ambao hauzidi theluthi moja, ndo warithi wanagawana. Kwaiyo aliyetoa hela yake kunizika aandikwe, na akitaka kurudishiwa arudishiwe kabla ya kugawana.

Cheti cha kifo msikicheleweshe. Mkishazika, chukueni karatasi ya hospitali, au kama nimefia nyumbani karatasi ya mtendaji, mkasajili kwa RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30. Watu wanachelewa mpaka miaka, afu siku wanataka kufuatilia mirathi wanaanza kuzunguka kutafuta mashahidi wa kifo ambacho kijiji kizima kilizika.

Sasa nikuambie nilivyopanga mimi.

Sanda yangu nimeshanunua. Iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, bafta nyeupe imekunjwa kwenye kanga ya zamani ya bibi yako mzaa mama, na karafuu maiti ndani yake. Dada yako anajua. Usikasirike, wanawake wengi wa umri wangu huku wanayo, na tangu niiweke nalala vizuri.

Niko kwenye kikundi cha kufa na kuzikana hapa mtaani, mchango natoa kila mwezi. Nimekisoma kile kikaratasi cha katiba mwenyewe mana wengi wanachangia hawajui wanachangia nini. Kinamuhudumia mwanachama, mume au mke, watoto na wazazi. Mkwe hayumo, mjomba hayumo. Ukipitisha miezi bila kuchangia unasimamishwa, na msiba ukikukuta umesimamishwa hupati kitu hata uwe umechangia miaka. Kwaiyo siku nikiumwa nikashindwa kwenda kikao, wewe au dada yako mtume mchango wangu kwa katibu, hicho ndo kitu kikubwa kuliko vyote nakuomba kwenye barua hii. Kuna wale wanaouza bima za mazishi kwenye mabenki na mitandao ya simu, ukitaka kukata kata, ila uliza kwanza nani anahesabiwa kwenye hiyo bima, na je ukilipa leo inaanza kazi leo au kuna muda wa kusubiri.

Wewe huko Mbagala jiunge na kikundi chako, hata cha watu wa kusini waliopo huko. Usitegemee group la WhatsApp la ukoo. Lile ni zuri, watu wanaandika poleni na wanatuma, lakini wanatuma wakiwa nazo, na msiba ukitokea Agosti wakati korosho bado mitini hakuna mwenye nayo.

Hapo ndo kangomba inapoingia. Mtu amefiwa, hana kitu, anakuja jamaa anasema nakupa hela sasa hivi, msimu ukifika unanipa korosho. Anakupa bei ya kutupa kwa kilo, na serikali imekataza, lakini mtu mwenye maiti ndani hajui kukataa. Mkifika mahali pa kuuza kangomba au kuweka rehani mikorosho ili mnilishie watu, simamisheni. Pikeni ugali na maharage na kisamvu. Wageni watakula, na asiyetaka atakula kwake. Nimemwambia baba yako mkubwa hivi hivi mbele ya sheikh wa msikiti wetu, na nimeandika kwenye karatasi, nimeweka dole gumba na mashahidi wamesaini, mana maneno matupu yanashindwa na kelele za msibani.

Na kama nitafia huko Dar, tuseme mmenipeleka hospitali, nizikeni huko huko. Najua hili utalikataa. Kutoka Dar mpaka Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 550, bado kupanda huku Newala. Gari la maiti, mafuta, dereva na msaidizi wake, kibali cha kusafirisha, basi dogo la wasindikizaji ambao kila mmoja anataka kula njiani, na mnavyofika huku watu wanaanza kula upya. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliletwa hivyo, watoto wake mpaka leo wanalipa mkopo, na yule mdogo aliacha chuo. Ardhi ya Mbagala ni ya Mungu, na maiti inatakiwa iwahishwe sio ikeshe barabarani. Hospitali nako, likibaki deni, msikubali kutishwa, serikali imetamka zaidi ya mara moja kwamba maiti isizuiwe kwa sababu ya deni, mnaandikiana namna ya kulipa mnachukua mtu wenu.

Rambirambi akae nayo mtu mmoja na daftari liwe moja. Lile la baba yako bado ninalo, nalifungua mara moja moja. Limeandikwa kwa kalamu ya bluu, jina, afu 2,000, jina, 5,000, jina, mzigo wa kuni, jina, mchele kilo mbili, jina, madumu mawili ya maji. Yule wa madumu mawili ya maji nilikwenda msibani kwake na mimi nikapeleka maji. Daftari ndo linakwambia nani ulipe na nini, kwaiyo msilitupe.

Madeni yangu ni mawili tu, duka la pembejeo kwa dawa ya mikorosho, na mama wa kikundi aliyenikopesha laki moja ya matibabu ya bibi. Nikipata malipo ya mnada wa kwanza nalipa yote, lakini kifo kikitangulia, nyie mmeshayajua.

Bibi yako je. Yeye ndo yuko karibu, tuseme ukweli. Yumo kwenye kikundi kama mzazi wangu, sanda nitamnunulia mwezi huu. Kilichobaki ni wewe na dada yako mkubaliane nani anaweka elfu kumi kila mwezi kwa ajili ya maji na chakula cha siku ya kwanza, zikae kwenye simu ya dada yako zisiguswe kwa kitu kingine. Ongea nae kwanza, afu mnipigie wote wawili Ijumaa baada ya swala. Na mke wako umsomee hii barua, asije akashangaa siku hiyo kwa nini hakuna mbuzi.