Herufi ya nane kwenye bango la duka

Kwa Mhariri,

Januari ikikaribia na wazazi wakianza kusaka daftari, mabango mapya huchipuka kuanzia River Road hadi mitaani, na si machache yanayotangaza 'STATIONARY'. Ni Kiingereza halali, ila maana yake ni kitu kilichosimama tuli: gari lililoegeshwa, au baiskeli ya jimu ambayo mtu huikanyaga saa nzima asiondoke alipo. Karatasi, bahasha na kalamu ni 'stationery'. Kila neno lina herufi 10, na zinazotofautiana ni za nane tu.

Lawama huangukia fundi wa mabango, mara nyingi bure. Fundi huchora alichotumiwa kwa simu. Kompyuta nayo haimwokoi, kwani maneno yote mawili yamo katika kamusi yake na mstari mwekundu hautokei. Sikio ndilo halifai kabisa: Kiingereza humeza irabu ya silabi isiyo na mkazo, hivyo maneno haya hutamkwa sawa. Sisi tuliozoea lugha ambayo 'a' ni 'a' popote ilipo huandika irabu tunayodhani tumeisikia.

Kuna hila ya darasani: 'car' ina 'ar' na gari huweza kusimama, 'paper' ina 'er' na karatasi huuzwa. Inasaidia, lakini anayejua asili ya neno hahitaji hila. Maneno yote mawili yanatoka kwenye Kilatini 'statio', mahali pa kusimama, ukoo mmoja na stesheni yetu ya treni. Ulaya ya zama za kati ilijaa wachuuzi waliotembeza bidhaa, lakini wauza vitabu waliozunguka vyuo vikuu walikuwa na vibanda vya kudumu. Kiingereza kikamwita muuzaji huyo 'stationer'. Wale wa London walikuwa na chama chao tangu 1403, kikapewa hati ya kifalme mwaka 1557. Sasa linganisha: mwoka mikate ni 'baker', na pahali pake ni 'bakery', ile tunayoiita bekari. 'Stationer' naye akiongezewa 'y', bidhaa zake zinakuwa 'stationery'. Ile 'e' ni ya muuzaji mwenyewe.

Na tafadhali, 'stationeries' tuiache. Neno hili halihesabiki, iwe duka lina kalamu moja au bohari nzima.

Mwenye duka aombe picha ya sampuli kabla ya kulipa, ahesabu herufi kwa kidole na kutua kwenye ya nane. Bango la kuchapwa likishatoka na kosa, hakuna dawa ila kuchapa jingine. Herufi za stika ni nafuu: ipashe moto ile moja kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi ilegee, kisha uibandue polepole kuanzia pembeni. Rangi ndiyo yenye kazi. Ukichora E juu ya A, mguu wa kushoto wa A utachomoza nje ya mgongo wa E, na kila mpita njia ataona kiraka. Funika A yote kwa rangi ya ubao, ngoja ikauke, rudia mara ya pili ikiwa ya chini ni nyekundu au nyeusi, ndipo uchore E katikati ya nafasi, kwa sababu ni nyembamba kuliko A.

Kwenye nukuu za bei na zabuni, tafuta 'stationar' katika faili na ukague moja moja. Usiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mpigo. Ripoti ya ajali iliyomo humo itageuka kusema kwamba basi liligonga lori la bahasha.

Wanaotaka kuepa Kiingereza wana neno shajala, ambalo kamusi zetu zinalo ingawa madukani halisikiki. Ila fundi aandikiwe vizuri: shajara ni kitabu cha kuwekea kumbukumbu za kila siku, na hapo pia ni herufi moja tu.

Msahihishaji wa miswada,
Nairobi