Kabla hujaongeza mapanga

Hamisi rafiki yangu,

Salamu nyingi. Picha za tabini yako ya upepo nimezipata, na tangu jana nimezirudia kuzitazama sijui mara ngapi. Mhimili umesimama wima sawasawa na beringi umezifunga vizuri. Unasema upepo wa kawaida hauwezi kuianzisha mpaka uisukume kwa mkono, na sasa unataka kutoka mapanga 3, yaani mabawa yanayosukumwa na upepo, hadi 5. Nakuomba, kabla hujakata mbao nyingine, nisikilize kidogo.

Ukiongeza mapanga itaanza yenyewe, hilo ni kweli. Ila utakuwa umeipunguzia kasi, na kwenye tabini ya Darrieus, hii ya mhimili wima kama yako, kasi ndiyo kila kitu. Panga lake halikabili upepo kwa pembe moja. Katika kila mzunguko pembe hiyo hupanda, hurudi sifuri, kisha hupanda tena kwa upande wa pili. Panga likikimbia mara 4 ya kasi ya upepo, pembe haizidi digrii 15. Likikimbia mara 2 tu, inafika 30, na umbo la NACA 0012 ulilochonga, yaani umbo la bawa ambalo unene wake ni asilimia 12 ya upana, huishiwa nguvu mapema zaidi ya hapo. Upepo unabanduka kwenye panga, na kilichokuwa kinasukuma kinageuka kuwa breki.

Mimi sikuamini mpaka nilipoona kwa macho. Nilibandika nyuzi fupi za sufu kwenye uso wa ndani wa panga la tabini yangu, safu kwa safu, nikafunga simu kwenye mhimili izunguke pamoja na panga huku ikirekodi, na upande wa pili nikaweka kipande cha chuma kusawazisha uzito. Halafu nikaitazama video polepole. Panga linaingia upande unaotoka upepo, nyuzi zimelala kimya kuelekea nyuma. Mara zile za karibu na ukingo wa nyuma zinaanza kutetemeka, zinanyanyuka, na kufumba na kufumbua safu nzima imegeuka na kuelekea mbele! Robo ya mzunguko inapita hivyo, kisha zinalala tena. Miezi niliyokuwa nalaumu jenereta, kosa lilikuwa pale.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Baki na mapanga 3, lakini yafanye mapana na manene zaidi. Chonga NACA 0018, ambayo unene wake ni asilimia 18 ya upana. Panga jembamba na dogo kwenye upepo wa polepole huachia hewa upesi. Nene lenye pua ya mviringo, yaani ukingo wa mbele, huvumilia pembe kubwa zaidi. Pua hiyo isugue kwa msasa mpaka kidole kisikwame popote. Kisha elekeza pua nje kidogo, digrii 2 hivi, usizidishe. Upande unaotoka upepo ndio unaotoa kazi kubwa, na digrii hizo mbili zinapunguza pembe pale pale nyuzi zangu zilipokuwa zinageuka.

Kuhusu mapanga ya kujisokota kama aliyobuni mhandisi Gorlov, ni mazuri kweli, yanaondoa ule mshtuko wa kuvuta na kuachia. Lakini kuyachonga kwa mkono yote matatu yafanane ni kazi ya mwaka. Yaache kwanza.

Mikono inayoshika mapanga ndiyo iliyonitia wasiwasi kwenye picha. Umetumia bomba la duara. Bomba linaweza kuburuta hewa mara 10 kuliko mkono wa unene uleule uliochongwa umbo la tone, na mikono yako ni sita. Tena piga hesabu hii: panga la kilo 1, umbali wa sentimita 60 kutoka kwenye mhimili, likikimbia mita 24 kwa sekunde, linavuta kwenda nje kama mzigo wa kilo 98. Juu ya hapo upepo unalisukuma ndani na kulivuta nje kila mzunguko, yaani zaidi ya mara 20,000 kwa saa. Skrubu mbili ulizotia hazitadumu. Mapanga ya Darrieus yaliyopinda hukwepa sehemu ya mateso hayo kwa sababu yana umbo la kamba inayozungushwa, hivyo hubeba mvuto tu bila kupindwa. Ya kwako yamenyooka, basi pitisha bolti moja kwa moja, na ndani ya panga pachika bamba la alumini ili bolti isile mbao.

Anza na nyuzi. Sufu na gundi havitakuchukua hata saa moja, na mbao utakuwa hujaigusa. Nitumie video hata ikiwa inatikisika, tuitazame pamoja tuone hewa inabanduka wapi kwenye panga lako, ndipo tuamue upana mpya.

Wasalaam,
Rafiki yako, Juma