Gharama za ulemavu zisilipwe kwa mkopo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, hasa fungu la watu wenye ulemavu. Tangu Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliporekebishwa mwaka 2018, halmashauri zinawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwetu sisi. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uangaliwe upya, ikarejeshwa mwaka 2024, na siku hizi kiongozi akiulizwa watu wenye ulemavu wanasaidiwaje, jibu lake huanzia hapo. Sina ugomvi na mkopo. Ninachopinga ni kuubebesha mzigo usio wake.

Mimi ni katibu wa kikundi cha mafundi cherehani na washona viatu. Siku ya kusaini mkataba tuliitwa ofisi iliyoko ghorofani, katika jengo lisilo na lifti wala njia mteremko, hivyo afisa maendeleo ya jamii, kijana muungwana kwa kweli, alilazimika kushuka na makaratasi yake, na mwenyekiti wetu anayetumia kiti mwendo akayasainia mapajani, nje, kwenye maegesho ya bajaji. Mwenzetu kiziwi alifafanuliwa masharti na binti yake wa darasa la sita, kwa kuwa mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Mtoto wa umri huo atamwelezaje baba yake kwamba mwanakikundi mmoja akishindwa kulipa, deni linawaangukia wote?

Fedha ilipoingia, matumizi ya kwanza hayakuwa vitambaa. Asiyeweza kupanda daladala hukodi bajaji kwenda sokoni na kurudi, kila safari. Tairi za kiti mwendo huchakaa kwa barabara zetu za mawe. Mwenzetu mwenye ualbino hawezi kukaa kibandani mchana kutwa bila mafuta ya kukinga ngozi na jua. Gharama hizi hazimo katika andiko la mradi, na hata tungeziandika zingekatwa kwa hoja kwamba hazizalishi, lakini hulipwa na fedha ileile kwa sababu nyingine hakuna. Marejesho yakichelewa, tunaambiwa hatuna nidhamu ya fedha.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikutuona kama wakopaji tu. Inagusa afya, elimu, utengamao na majengo yanayofikika, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Asilimia hiyo tatu haisikiki sana majukwaani, labda kwa kuwa haina hundi ya mfano ya kupigia picha. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Umma wa namna hiyo hauwezi kuhudumiwa wote kupitia vikundi vya ujasiriamali.

Kwa hiyo nawaomba madiwani, watakapokaa kwenye bajeti, watenge kifungu cha vifaa saidizi na ukalimani nje ya ile asilimia mbili, tena kisiwe cha kurejeshwa. Mkataba wa mkopo usisainiwe na kiziwi pasipo mkalimani, na asiyeona apewe nakala ya nukta nundu, au asomewe mbele ya mtu aliyemchagua mwenyewe. Vilevile wawafikirie wazazi wanaowauguza watoto wenye ulemavu mkubwa usiku na mchana, ambao hawana hata saa moja ya kufanya biashara. Katika kata yetu, wakienda kuomba msaada, nao huambiwa waunde kikundi.

Katibu wa kikundi,
Morogoro