Pima kwanza, ndipo ulilaumu gari

Mhariri,

Yakitajwa magari ya SUV ya zamani, mjadala huishia kwenye neno moja: yanakula mafuta. Ni kweli gari la tani mbili na ushee lenye umbo la kabati haliwezi kunywa kama saluni. Land Cruiser 100 ya petroli, V8 ya lita 4.7, hata ikiwa nzima hula kama lita 16 hadi 18 kwa kilomita 100. Hilo halina fundi. Lakini mengi ya magari haya yanakula yake na ya ubovu juu yake, na ubovu wenyewe mara nyingi ni wa vitu vidogo.

Mshale wa tangi si kipimo. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea angalau 300, kisha jaza tena vilevile. Gawanya lita ulizoongeza kwa kilomita, zidisha kwa 100. Aliyefunga tairi kubwa kuliko za kiwandani akumbuke kwamba mita yake inapunja: mzingo ukizidi kwa asilimia 10, kilomita 100 za mita ni 110 za barabarani.

Wengi tumezoea kuhesabu kilomita kwa lita, na hesabu hiyo huficha jambo. Gari likitoka kilomita 6 kwa lita likafika 7, umeokoa karibu lita 2.4 kila kilomita 100. Likitoka 12 likafika 13, umeokoa lita 0.64 tu. Kwa hiyo gari linalokunywa sana ndilo linalolipa zaidi likitengenezwa, si la kukatiwa tamaa.

Uchunguzi uanzie kwenye thamostati, yaani vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Kwa injini nyingi hufunguka kwenye nyuzijoto 82 hadi 88. Ikikwama wazi, maji huzunguka kwenye rejeta tangu gari linapowashwa, injini haipati joto lake, na kompyuta ya injini, ikidhani bado ni baridi, huendelea kumwaga mafuta. Utaona mshale wa joto ukipanda kwenye foleni na kushuka gari likishika mwendo. Kuna mafundi wanaoing'oa kabisa eti gari lisichemke! Anayefanya hivyo ameacha rejeta chafu au feni mbovu palepale, na amemwongezea mwenye gari bili ya mafuta.

Magari yenye tundu la kuchomekea mashine ya kupimia yana namba moja inayofaa kuliko taa ya injini: asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Ikizidi +10, kuna hewa inayopenya bila kuhesabiwa, kwa mfano bomba la mpira la hewa lililopasuka, au sensa ya hewa imechafuka. Sensa hiyo isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza, isiguswe kwa kitambaa. Ikishuka chini ya -10, tafuta nozeli inayovuja au presha ya mafuta iliyozidi. Kubadilisha sensa ya oksijeni kabla ya kusoma namba hizo ni kubahatisha.

Breki nazo husahaulika. Baada ya mwendo mrefu usio na breki nyingi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu yenye moto kuliko ya upande wa pili inaonyesha pini za kalipa, kile kifaa kinachobana breki, zimekauka au pistoni imeshika kutu. Safisha pini, paka grisi ya silikoni; grisi ya kawaida huvimbisha mipira na tatizo linarudi.

Mengine ni ya dakika chache. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi ya gari la otomatiki, gia ya juu imezimwa na injini inazunguka kwa kasi bila sababu. Gia ya foo wili isiachwe imeingia kwenye lami kavu. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa namba za kibandiko cha mlangoni. Keria tupu ishushwe. Na ukitoka mwendo wa 90 hadi 110, nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa karibu nusu. Kwa umbo hili, hapo ndipo tangi linapokauka.

Vidude vya kuchomeka na sumaku za bomba la mafuta vinavyodaiwa kuokoa mafuta, achaneni navyo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limetathmini zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo bila kukuta hata kimoja chenye nafuu ya maana.

Yakishafanyika hayo yote na gari bado linakula zaidi ya kiwango chake, tazama safari zenyewe. Kwenye safari za kilomita tatu nne injini huzimwa kabla haijapata moto, na giaboksi ya otomatiki haijawahi kufunga klachi yake ya ndani, ile inayoiunganisha na injini moja kwa moja bila kupoteza nguvu. Kwa matumizi hayo pekee, SUV si gari lake, hata ikiwa mpya.

Msomaji wako,
Fundi magari