YAH: MALALAMIKO KUHUSU PROGRAMU YENU YA KULINGANISHA MALIPO YA WAKURUGENZI

Ndugu Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kamati ya malipo katika bodi ya kampuni iliyo miongoni mwa wateja wenu. Huu ni mwaka wa tatu tunatumia programu yenu, na miaka miwili ya kwanza sikuwa na neno. Naandika kwa sababu jedwali la mwaka huu nusura liifanye bodi yetu ipitishe nyongeza isiyo na msingi, na kwa sababu majibu ya watu wenu wa msaada yameniudhi kuliko kosa lenyewe.

Jedwali lilisema mkurugenzi mtendaji wetu analipwa asilimia 27 chini ya kiwango cha kati (malipo yanayoangukia katikati yakipangwa kuanzia ya chini) cha kampuni zinazofanana na yetu. Mwenyekiti wa kamati aliisoma namba hiyo mara mbili, kisha akaniuliza ilikuwaje tukamwacha mtu huyu nyuma kiasi hicho. Rasimu ya azimio la kumwongeza ilikuwa imeshaandikwa. Siku chache kabla ya kikao nikaona maandishi madogo chini ya grafu, ya rangi ya kijivu, yasiyosomeka bila kukuza ukurasa: "Kampuni 19". Kamati yetu iliidhinisha 16.

Ilinichukua muda kugundua kwamba toleo jipya limekuja na kisanduku cha "kamilisha kundi", ambacho tayari kimewekewa alama ya ndiyo. Hatukuulizwa wala kuarifiwa. Kampuni tatu zilizoongezwa zina mauzo zaidi ya mara nne ya yetu. Nanyi mnajua kuliko mimi kwamba ukubwa wa kampuni ndio unaovuta malipo ya bosi kuliko karibu kitu kingine chochote. Ndiyo sababu hata ISS, wanaowashauri wanahisa namna ya kupiga kura, kwa kawaida hutafuta kampuni zenye mauzo kati ya mara 0.4 na mara 2.5 ya kampuni inayopimwa.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba kiwango cha kati hakitikiswi na kampuni chache kubwa. Kwa wastani wa kujumlisha na kugawanya, kampuni moja yenye malipo ya kupindukia huharibu hesabu, na kiwango cha kati huikwepa. Hapo yuko sahihi. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Katika kampuni 16 zilizopangwa kuanzia ya chini, katikati ni baina ya nafasi ya 8 na ya 9. Ukiongeza tatu na zote zikaangukia juu, zinakuwa 19 na katikati inahamia nafasi ya 10. Hakuna aliyepandishiwa mshahara popote, ila mstari umepanda. Katika kundi letu, kati ya nafasi ya 8 na ya 10 kuna pengo kubwa.

Kosa la pili ni zito zaidi, nami ningeomba mhasibu wenu alisome mwenyewe. Kundi letu lina kampuni zilizoorodheshwa Marekani na nyingine zilizoorodheshwa Uingereza. Katika jedwali la malipo la Marekani, hisa za motisha huandikwa kwa thamani ya siku zilipotunukiwa, hata kama baadaye mhusika hatapata hata hisa moja. Uingereza, tangu 2013, kampuni hutoa jumla moja ambamo hisa zenye masharti ya utendaji huingia pale zinapoiva, yaani masharti yakitimia na hisa zikawa za mhusika, na kupanda kwa bei kumo humo humo. Ya kwanza ni ahadi, ya pili ni mavuno. Programu yenu imezichukua zote mbili, ikazipanga safu moja chini ya kichwa "Jumla ya malipo", ikatoa kiwango cha kati. Huko ni kujumlisha kilo na lita. Kampuni moja ya Uingereza katika kundi letu ilikuwa na mwaka mzuri sana sokoni, hisa za miaka mitatu nyuma zikaiva kwa bei ya juu, na dashibodi yenu ikaitafsiri kuwa bodi yake imeongeza malipo. Bodi hiyo haikuongeza chochote. Nimesoma taarifa yao ya mwaka.

Sitaki hata kurefusha habari ya bosi aliyeingia kazini miezi minne kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Programu ilizidisha malipo yake mara tatu ili yawe ya mwaka mzima. Kwa mshahara, sawa. Ila ilizidisha mara tatu hata hisa alizopewa siku ya kuajiriwa kufidia zile alizoziacha kwa mwajiri wa zamani. Mtu hafidiwi mara tatu kwa mwaka.

Niliketi na taarifa za mwaka za kampuni zetu 16, nikaandika kila kitu upya kwenye lahajedwali: hisa zote kwa thamani ya siku ya kutunukiwa (kwa kampuni za Uingereza ilibidi niitafute kwenye kurasa za ndani), malipo ya mara moja nikayatoa pembeni. Siku nne. Pengo likatoka asilimia 27 likawa 6. Azimio likaondolewa kwenye ajenda asubuhi ile ile kikao kinaanza, na mimi ndiye niliyesimama kueleza kwa nini.

Nilipowaandikia nikiomba mnionyeshe kila namba imetoka ukurasa gani wa taarifa ipi, mlikaa siku tisa, kisha mkanitumia video ya kufundisha namna ya kubadilisha rangi za grafu. Nilipouliza tena nikaambiwa njia ya kukokotoa ni siri ya biashara. Siri ya biashara kwa namba zilizochapishwa hadharani! Kamati yetu inatakiwa kuwaeleza wanahisa ilivyofikia uamuzi. Siwezi kuwaambia kwamba programu ndiyo iliyosema.

Na jambo moja ambalo labda mtaliona dogo. Ukifungua ukurasa wa "lengo la malipo", programu imeshachagua asilimia ya 75, yaani juu ya robo tatu ya kampuni zote. Wateja wenu wote wakiuacha ukurasa huo ulivyo, nani atabaki kwenye robo tatu za chini? Kila bodi ikivuta juu, taarifa zake zinachapishwa, zinarudi kwenye hifadhidata yenu, na mwaka unaofuata mstari unaanzia juu zaidi. Hiyo mipangilio ya mwanzo mmeichagua ninyi, na sidhani kama imechaguliwa kwa bahati mbaya.

Ninachodai ni hiki. Kisanduku cha kuongeza kampuni kizimwe kwa wateja wote mpaka mteja akiwashe mwenyewe. Thamani ya kutunukiwa na thamani ya kuiva zitenganishwe katika safu mbili. Kila namba ibebe marejeo ya taarifa ilikotoka. Tena muwaandikie wateja wengine waliotoa majedwali kwa toleo hili, kwa sababu huenda wapo waliokwisha kupiga kura.

Kwa upande wetu, nataka turudishiwe ada ya mwaka huu na maelezo ya maandishi, yasainiwe na mtu mwenye mamlaka, ndani ya siku 21. Nimeambatisha picha za skrini, jedwali lenu na lahajedwali langu, kampuni kwa kampuni. Malipo ya mwaka ujao tumeyasimamisha. Video msinitumie tena.

Wenu katika kazi,

Katibu, Kamati ya Malipo ya Bodi